Sita kwa Sita

Mimi ni mjuaji wa filamu za zamani. Nakiri mapema ili tusisumbuane. Mtu akitamka "Cheza tena, Sam" akidhani ananukuu Casablanca ya mwaka 1942, namkatiza hapohapo: sentensi hiyo haimo kwenye filamu ile, kaitazame upya. Akinyamaza namhamishia kwenye Columbo, tamthilia ya upelelezi ya televisheni, ambako muuaji unamjua tangu mwanzo na utamu wote uko kwenye kumsubiri yule mpelelezi wa koti lililokunjamana afike mlangoni, asite, kisha ageuke na swali moja dogo. Mke wangu anasema akiwa jikoni hujua nimefika kwa Columbo kwa kusikia tu wageni wakitafuta funguo zao.

Hizo, hata hivyo, ni porojo za kupasha misuli. Filamu yangu hasa ni 12 Angry Men ya mwaka 1957, ya mwongozaji Sidney Lumet. Raia 12 wamefungiwa chumbani, joto linawachemsha, waamue kama kijana aliyeshtakiwa kumuua baba yake ana hatia. Kura ya kwanza, 11 wanasema anayo. Mmoja tu, Henry Fonda, anasema ngoja kwanza tuzungumze. Hakuna kufukuzana wala kupigana risasi. Stelingi hana silaha ila mdomo, na kisu kimoja anachokuja kukichomeka mezani mpaka wenzake wanaruka.

Niliitazama nikiwa kijana, kwenye kanda ya video ya kuazima. Kanda yenyewe ilianza na kipindi kimoja cha The Twilight Zone cha mwaka 1959: karani wa benki mwenye miwani, mpenda vitabu asiyepewa nafasi ya kusoma na mke wala bosi, ananusurika bomu kwa sababu alikuwa amejificha kwenye chumba cha kuhifadhia fedha. Dunia imekwisha, lakini maktaba imejaa vitabu, na muda ni wake wote. Anavipanga kwenye ngazi kwa miezi na miaka, uso umejaa furaha. Hapo picha inaruka, filamu inaanza. Sijawahi kuona kipindi kilichoisha kwa raha namna ile, na nimewaambia watu wengi hivyo.

Kuhusu filamu yenyewe, kura zinahama moja moja mpaka zinafika sita kwa sita. Mbingu zinafunguka. Mvua inaanza kupiga madirishani, inazidi, inazidi, mpaka inaijaza skrini yote, nyeupe na nyeusi, shhhhhhh. Mwisho.

Nililala nikiwa nimeduwaa. Mwongozaji gani huyu anayethubutu kuwaacha watu sita kwa sita na kuifuta dunia kwa mvua? Majina ya waigizaji hayakupita, ndiyo, lakini filamu nyingi za enzi zile ziliorodhesha majina mwanzoni, kwa hiyo hata hilo halikunishtua. Kwa zaidi ya miaka 20 nimeihubiri mvua ile. Baadaye nikasoma kwamba Lumet aliianza filamu kamera ikiwa juu ya usawa wa macho, akawa anaishusha polepole, mpaka theluthi ya mwisho inawatazama kutokea chini na dari inaonekana, ili chumba kizidi kuwabana. Nikaanza kuwaambia watu jinsi dari ile ilivyonikaba koo. Dari sikuwahi kuiona. Nilidhani nimesahau.

Basi mpwa wangu, anayesomea utengenezaji wa filamu, akaja na wenzake watano. "Mjomba, tufundishe kutazama." Nani angekataa? Nikasimama mbele ya televisheni na rimoti mkononi kama kiongozi wa kwaya. Nikawatayarisha kwa ule mwisho. Nikawaambia wasilie.

Tukafika sita kwa sita. Mvua ikaanza. Nikainuka, nikawasha taa, nikafungua mikono. "Mmeona?"

Nyuma yangu wale wazee wakaanza kufunga madirisha.

Nikageuka. Mmoja akawasha taa ya chumbani kwao, feni iliyokuwa imegoma tangu mwanzo ikazunguka, na wakaendelea kubishana kama vile mimi sipo. Kijana mmoja akaniambia kwa heshima zote, "Mjomba, imebaki karibu nusu saa."

Hapo mtu mwenye akili anakaa chini. Mimi nikakohoa, nikasema hiki kipande kimeongezwa baadaye na wafanyabiashara. Wakatazamana. Nikaona bora nitumie elimu: "Aa, kumbe mmeweka ile iliyorudiwa mwaka 1997!"

"Ile ni ya rangi, mjomba."

Nikazima taa. Nikakaa sakafuni maana kiti changu kilikuwa kimeshachukuliwa. Nikiwa pale chini, dari ikaanza kuonekana juu ya vichwa vyao. Kweli inabana. Nikamwona mwigizaji Lee J. Cobb, wa mwisho kung'ang'ania hatia, amebaki peke yake, amezungukwa, akiichana picha aliyopiga na mwanawe kisha akivunjika kwa kilio. Nikaona wanaume wawili wakiagana nje ya mahakama baada ya mvua, ndipo wanaulizana majina, baada ya saa nzima na nusu ya kuitana "bwana". Na mimi niliyewakataza wenzangu kulia, nikawa natafuta leso gizani.

Wageni walipoondoka, mpwa wangu akabaki mlangoni. Akaanza kutoka, akasita, akageuka. Moyo ukanilipuka, mlango huo naujua, ni wa Columbo.

"Mjomba, kuna kitu kimoja. Kile kipindi chako cha karani na vitabu, kilikuwa kwenye kanda hiyohiyo?"

"Ndiyo. Kwa nini?"

Akanitazama kwa huruma ambayo hata nilipougua hakunionyesha.

"Basi tu. Nilikuwa nawaza ile miwani yake."

"Miwani imefanyaje?"

"Lala salama, mjomba."