Mbwa koko alivyonilia barua pepe 3,812

Laptop yangu ina ramu ya GB 2. Ukifungua barua pepe kwenye brauza feni inalia kama bodaboda inapanda mlima na mishikaki ya watu watatu, unaenda kuchemsha chai, unarudi, bado kale kaduara kanazunguka. Jamaa yangu mmoja wa mambo ya Linux akanionea huruma, akasema kaka achana na mabrauza, weka Mutt, inasoma barua kwa maandishi matupu, hamna picha hamna matangazo, hata mashine ya babu yako inaibeba.

Basi nikaweka. Mutt kwa Kiingereza ni mbwa koko, na aliyeianzisha, Michael Elkins, mwaka 1995, wala hakuficha kitu, kauli mbiu yake inasema programu zote za barua pepe ni za hovyo, hii uhovyo wake una nafuu tu. Hapo ningeshtuka. Sikushtuka.

Kuiseti sasa. Hakuna cha kubonyeza bonyeza, unaandika mwenyewe faili linaitwa .muttrc, mstari kwa mstari, seva ya kupokelea na poti yake 993, seva ya kutuma na poti yake 587, jina, paswedi, kila kitu. Nilisahau kufunga alama moja ya nukuu nikakaa nayo saa nzima natukana. Halafu ukitaka kuandika barua inakutupa ndani ya vi, programu ya kizamani ya kuandikia maandishi, na vi ukiingia bila kujua mlango wa kutokea utalala humo, mimi mara ya kwanza nilitoka kwa kuzima laptop.

Kupokea ikakubali, kutuma nikaona kama imegoma, nikawa najitumia mwenyewe. "Jaribio". "Jaribio 2". "Jaribio tena". "Ingia basi". "Mungu anakuona". Kumbe zilikuwa zinaenda, zinachelewa tu njiani, mara zikatua zote kwa mpigo, 34.

Dada wa mapokezi akapita nyuma yangu, akaona skrini nyeusi na maandishi yanashuka, akauliza, "We kaka, unahaki benki ya nani?" Sikujibu, nikakaza sura. Nadhani hapo ndo kichwa kilivimba.

Maana mtu mwenye akili zake angefuta zile 34 kwa kubonyeza d moja moja, zikaisha, akaenda kula. Mimi nishakuwa mtaalamu bana. Nikasoma kwamba D kubwa inafuta kwa jumla, unaiambia tu unataka kufuta zipi, ~f ni zilizotoka kwa fulani, ~t ni zilizokwenda kwa fulani. Nikawaza, hizi za majaribio si zimekuja kwangu? Nikaandika ~t, nikaweka jina langu.

Sasa niambie wewe, inboksi ya mtu ina barua gani zaidi ya zilizokuja kwake?

Na skrini ikanisaliti, kwa sababu inaonyesha mistari kama 20 na kitu hivi, na za mwisho mwisho zote ni za majaribio, nikaona D zimejipanga pembeni kama askari wa gwaride, nikafurahi. Nikabonyeza q nitoke. Ikaniuliza kwa adabu kabisa, kule chini, kama ifute barua 3,812. Namba ilikuwepo! Siwezi kusema haikuniambia. Macho yaliona "futa" tu nikapiga Enter. Ikaanza kuondoa kwenye seva, nikawa nashangaa barua 34 mbona zinachukua muda hivi, nikailaumu intaneti.

Nikashika simu. Nyeupe. IMAP, ile njia ya kupokelea barua niliyoiseti, ndo ilivyo, barua zinakaa kwenye seva, simu na laptop ni madirisha mawili ya chumba kimoja, ukihamisha vyombo huku hata ukichungulia kule ni patupu.

Zilibaki 11. Kumbe ~t inaangalia wale walioandikiwa moja kwa moja tu, ukiwa umewekwa kwenye nakala, ile CC, haikugusi. Kwa hiyo mikataba imeenda, risiti zimeenda, tiketi ya basi ya Ijumaa imeenda, kilichobaki ni tangazo la ofisi nzima kuhusu mtu anayeacha sufuria la ugali kwenye sinki bila kuliloweka, na majibu ya watu saba kwamba sio wao, na nyingine tatu nilizonakiliwa sijui kwa nini.

Saa nane bosi akasimama mlangoni. "Ile meili yangu ya asubuhi umeiona?"

"Bosi samahani, naomba unitumie tena. Ila niweke kwenye nakala."

"Kwenye nakala kwa nini, na kazi ni ya kwako?"

"Huko ndo salama, bosi."