Ndoa ya Wawili, Daftari la Ukoo

Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kuoana Tanzania ni jambo jepesi. Mnapeleka taarifa kwa msajili angalau siku 21 kabla, inatangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, siku ikifika mnasimama bomani mbele ya mashahidi wawili, mnatamka ridhaa, mnasaini. Hata mahari, ambayo kwa wengi ndiyo ndoa yenyewe, kifungu cha 41 kinasema kutolipwa kwake hakubatilishi kitu. Pilau haikutajwa popote. (Sheria nayo si malaika: iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa idhini ya baba, vifungu ambavyo Mahakama Kuu ilivitangaza kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019.)

Sasa mbona mtu mzima mwenye mshahara wake, na mchumba aliyeridhika, anajikuta ukumbini mbele ya watu 250 ambao nusu yao hawajui hata majina, na mkopo wa kausha damu, ule wa riba ya kuumiza, unamsubiri Jumatatu?

Utaambiwa anaogopa maneno ya watu. Siamini. Maneno ya watu yana wiki mbili, tatu, yanahamia kwa mwingine. Kisichohama ni daftari.

Kadi ya mchango ikifika, unaandika ahadi, tuseme 50,000 ya single (mtu mmoja) au 100,000 ya double (wawili), na mweka hazina anaiingiza kwenye orodha. Harusi ikiisha orodha haitupwi. Mama wa bibi harusi mtarajiwa huenda amechangia kitchen party (ya kumfunda bibi harusi) na send-off (ya kumuaga kwao) za mabinti wa wenzake kwa miaka ishirini: pesa, vitenge, masufuria, seti za vikombe. Hakuwa akitoa sadaka. Alikuwa anaweka akiba isiyo na riba, na dirisha la kuitolea hufunguka siku moja tu, siku bintiye anapoolewa. Binti anapomwambia, "Mama, sisi tutaenda bomani na mashahidi wawili basi," yeye anaona anazungumzia ndoa yake. Mama anasikia kwamba fedha zake za miaka ishirini zimekwenda na maji.

Ndiyo maana ushauri wa "maisha ni yako, amua mwenyewe" haumfikishi mtu mbali. Kwenye uamuzi huu kuna pesa za watu. Lakini nao wanaosema "ndiyo mila yetu" wanatia chumvi. Mila ni posa, mshenga, mahari, ndafu kwa Wachaga. Kamati yenye mwenyekiti, katibu na vikao vya Jumapili baa, kundi la WhatsApp, MC na kadi za single na double: huo ni utaratibu wa mjini, si wa mababu. Unaweza kupanguliwa, ila kwa wakati wake.

Wakati wenyewe ni mfupi: kati ya posa kujibiwa na kadi ya kwanza ya mchango kutoka. Baada ya hapo hesabu ndiyo inayoamua. Chukua mfano wa watu 250 kwa sahani ya 20,000. Chakula peke yake ni milioni 5. Ongeza ukumbi, vinywaji, mapambo, muziki, picha na video, bajeti inasimama milioni 20. Ahadi zinafika 17, kamati inapiga makofi. Wiki moja kabla, taslimu ni 11. Kosa lilifanyika kikao cha kwanza, pale matumizi yalipopangwa kwa ahadi badala ya fedha iliyo mkononi. Ukumbi umeshachukua malipo ya awali na haurudishi. Mpishi anataka idadi ya mwisho. Kupunguza wageni haiwezekani, kwa sababu kila kadi ya mwaliko iliyotoka ni mtu aliyelipa. Kinachobaki cha kuvutwa ni mfuko wa bwana harusi, na hapo ndipo kausha damu anapoitwa.

Anayetaka tofauti aseme mapema, na aseme namba. "Harusi ndogo" haina maana; kwa baba mdogo ndogo ni watu 150. Sema 40, na orodha ya majina iwe imeshaandikwa. Pande zote mbili ziambiwe siku moja kwamba hampokei michango, maana shangazi mmoja akifungua kundi na kupokea 50,000 ya kwanza, kamati imezaliwa. Muamala huo urudishwe siku hiyohiyo, kwa ujumbe wa heshima.

Halafu mtenganishe hesabu za mama na zenu. Send-off ni ya kwake zaidi kuliko yenu. Aifanye kwa ukubwa wa daftari lake, kwa wale aliowachangia, nanyi mkae pale mbele mtabasamu kwa muda wa saa nne. Wapo watakaoona huo ni unafiki. Mimi naona ni kumlipa mdai. Kwa bwana harusi ni vigumu kidogo, kwa kuwa sherehe kubwa ya ukumbini huwa ya upande wake, na wanaomdai ni wafanyakazi wenzake na wanakamati aliokaa nao vikao vya wengine. Nao wangoje: kadi ya mtoto wa mmoja wao itafika, naye bwana harusi atalipa kama kawaida bila kudai chake.

Hapo ndipo wengi huteleza. Wanakwenda bomani Ijumaa, wanapost picha, na Jumatatu binamu akituma kadi wanajibu kwamba wao hawaamini michango. Kama baba yake binamu alichangia harusi ya dada yako, hiyo 100,000 ilipe, na kiti chako cha double ukakikalie.