Anayesema "nimechafua" asifokewe

Mwanzoni mwa wiki iliyopita, usiku, mwenzangu wa darasani alinipigia simu, akakaa kimya kwa muda mrefu kabla ya kuzungumza. Kumbe asubuhi ile, wakati wa upasuaji wa ngiri, glovu yake iligusa barakoa aliyovaa, ambayo haihesabiwi kuwa safi. Yeye aliona, wengine hawakuona. Akanyamaza, akaendelea kushika chuma cha kupanulia kidonda mpaka ngozi ikashonwa. "Ningesema, angenifokea mbele ya chumba kizima," aliniambia, na sauti ikamkatika.

Sikuweza kumlaumu, na tangu usiku huo sijatulia. Huyu ni mtu anayehesabu vidonge mara mbili, anayerudi wodini kuhakikisha mpira wa mkojo haujajikunja. Hakuja chuoni na tabia ya kuficha. Tumemfundisha sisi wa chumba cha upasuaji, tena kwa siku chache.

Sisi tunaosomea usaidizi wa daktari huku Marekani tunakaa darasani kama mwaka mmoja, kisha tunaanza kuzunguka: wodi za watoto, akina mama, dharura, afya ya akili, upasuaji na kwingineko. Upasuaji unatupata kwa wiki chache tu. Katika wiki hizo hakuna anayegeuka mpasuaji. Unaamka saa kumi alfajiri, unawapitia wagonjwa wako kabla ya raundi, unashika kamera, unakata nyuzi, ukibahatika unafunga ngozi. Mengi ya hayo mikono itayasahau. Kitakachobaki ni tabia uliyojengewa pale mezani.

Yangu nayo ninaikumbuka. Ilikuwa siku ya tatu, tunatoa mfuko wa nyongo kwa matundu madogo, taa zimepunguzwa, mimi ndiye niliyeshika kamera. Nilikuwa nimenawa kama tulivyofundishwa, kuanzia ncha za vidole mpaka viwiko, mikono mbele ya kifua, isishuke chini ya kiuno. Muuguzi alitaka kupita nyuma yangu, nikasogea kumpisha, kiwiko kikagusa mlingoti wa dripu. Nikasema, "Dokta, nimechafua mkono." Alisimamisha kazi, akaniuliza kama chuoni kwetu watu hufundishwa kujua mikono yao iko wapi, kisha akaongeza kwamba mtu kama mimi hafai kusimama mbele ya meza yoyote. Muuguzi wa vyombo akanivalisha mkono mpya wa gauni na glovu nyingine, hakusema neno. Shughuli nzima ya kubadilisha haikufika dakika mbili. Maneno yalichukua muda zaidi.

Kufokewa kwenyewe kulipita. Lililonitisha lilitokea siku mbili baadaye, kwenye upasuaji mwingine, nilipohisi kidole kimepita ukingoni mwa shuka, mahali ambapo hapahesabiwi kuwa safi. Kabla sijaitazama glovu, macho yangu yalikwenda kwanza kwenye nyuso za watu, kutafuta kama kuna aliyeniona. Nilisema, ndiyo. Lakini nilichelewa, na katika kuchelewa huko nilikuwa nikipiga hesabu.

Kidonda hakivimbi pale pale mezani. Maambukizi hujitokeza siku kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa ameshalala nyumbani kwake, anaanza kuhisi joto, kitambaa kinalowa usaha. Wakati huo hakuna awezaye kurudi nyuma na kusema ilikuwa glovu ya nani. Shahidi pekee ni yule aliyegusa, na ushahidi wake una maana kwa dakika chache tu, kabla hajarudisha mkono kwenye kidonda. Ukimfanya shahidi huyo aogope, umemnyang'anya mgonjwa kinga ambayo hakuna dawa inayoweza kuirudisha kikamilifu. Mgonjwa mwenyewe amelala kwa nusukaputi. Hawezi kujisemea.

Orodha ya usalama wa upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 inataka, kabla ngozi haijakatwa, kila aliyemo chumbani ajitambulishe kwa jina na kazi yake. Nimeingia vyumba ambavyo hatua hiyo inarukwa, au inaishia kwa madaktari, na mwanafunzi anabaki "wewe hapo". Mtu ambaye hajaitwa jina tangu asubuhi, utamtegemeaje avunje ukimya saa ya hatari?

Na glovu hizo hizo zina historia yake. Majira ya baridi ya 1889 kuingia 1890, muuguzi Caroline Hampton wa hospitali ya Johns Hopkins aliungua ngozi ya mikono kwa dawa kali ya kuua vijidudu. Bosi wake, mpasuaji William Halsted, aliagiza glovu nyembamba za mpira kutoka kampuni ya Goodyear. Shida ya mikono ya muuguzi ilisikilizwa, na leo hakuna apasuaye bila glovu.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba mshipa ukipasuka hakuna muda wa maneno laini. Niamrishwe kwa ukali, nitatii, na sitanuna. Maswali ya ghafla mezani nayo siyachukii. Niliposhindwa kutaja mipaka ya pembetatu ya Calot, eneo dogo karibu na mfuko wa nyongo, nilikwenda kuisoma usiku ule ule na sitaisahau. Lakini kumkaripia anayekosea ni jambo moja, kumkaripia anayekiri ni jambo jingine kabisa, na wapasuaji wengi niliowaona hawatenganishi hayo mawili.

Wapo wanaotenganisha. Wiki iliyopita nilisimama na mama mmoja, mpasuaji wa miaka mingi, tukimshona kijana aliyetolewa kidole tumbo. Nikahisi mkono wangu wa kushoto umeshuka chini ya meza. Nikasema. Hakuinua hata kichwa. "Asante. Badilisha, tunakusubiri." Chumba kilisubiri kweli, mashine ya usingizi ikihema peke yake, muuguzi akininyooshea glovu ikiwa wazi niingize vidole. Niliporudi mezani, nusu ya ngozi ilikuwa bado haijashonwa. Akanigeuzia kishikio cha sindano, akasema, "Hapa mpaka mwisho ni pako."

Nilimpigia mwenzangu jioni ile, nikamsimulia. Kesho yake alimfuata mkufunzi wetu na kumweleza habari ya ile glovu, na mgonjwa wa ngiri sasa anafuatiliwa kwa karibu. Mpaka leo asubuhi kidonda chake kilikuwa kikavu.