Kidole cha Sita

Kabla sijapelekwa wodi ya watoto nilikuwa fundi. Sijisifu, ndivyo manesi wa wodi ya wanaume walivyokuwa wakiniita: "Mshipa umegoma? Muiteni Fundi." Hospitali yenyewe ilikuwa ya wilaya, huku pwani, na mimi daktari wa mazoezi kwa vitendo. Wagonjwa wangu wengi walikuwa wavuvi na wapagazi, watu ambao mishipa imewalalia juu ya mkono kama kamba za nanga. Kwa mtu kama huyo turnike, ule mkanda wa kukaza mkono mshipa uvimbe, unafunga kwa adabu tu. Kanula, kile kibomba cha plastiki chenye sindano ndani kinachobaki mshipani, unachukua ya kijani, geji 18 (namba ikipanda, kanula inakuwa nyembamba), unaichomeka huku mnabishana Simba na Yanga; damu hiyoo, plasta, anayefuata.

Sifa za miezi mitatu zikanivimbisha kichwa. Nikahamia kwa watoto nikiamini kuwa mtoto ni mvuvi aliyepunguzwa.

Usiku wa tatu, kwenye saa nne, akaletwa dume la miezi 9, kilo 11. Homa ya mapafu. Alitakiwa ampisilini ya mshipa kila baada ya saa 6, kwa hiyo laini, yaani kanula mshipani, haikwepeki. Alikuwa akihema haraka, ila nguvu za kulia anazo, za kupiga mateke ndiyo usiseme. Shida ilikuwa unene. Mkono ulikuwa mikunjo juu ya mikunjo, kifundo kimebanwa kama kimefungwa uzi, na nyuma ya kiganja, pale unapotarajia mshipa, palikuwa na vishimo vinne vya kupendeza. Vishimo tu.

Alikuja na mama yake, binti mpole aliyekuwa akifuta machozi kimyakimya, na bibi yake, ambaye hakuwa mpole wala hakuwa kimya.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Daktari yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Akanipima kuanzia viatu kwenda juu. "Haya."

Tukamviringisha mtoto kwa kanga ya bibi, mkono mmoja tu nje. Kanga ile, kama kanga zote, ilikuwa na jina, na kwa jinsi tulivyoikunja, jina likaja kukaa juu ya tumbo la mtoto likinikodolea macho: MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE. Nililisoma mara nyingi sana usiku ule.

Nikachukua kanula ya njano, geji 24. Ipo na ndogo zaidi, ya zambarau, lakini stoo walikuwa wanaisikia tu kama sisi. Kwa mtoto hufungi turnike ya wakubwa. Nikakata glovu, nikaifunga juu ya kifundo, nikapapasa, nikahisi kitu. Nikachoma. Damu ikachungulia kwenye kile kichumba cha nyuma ya kanula, nami kwa furaha nikaisukuma mbele kidogo zaidi. Hilo "kidogo zaidi" ndilo linalotenganisha wavuvi na watoto. Mshipa wa mtoto ni mwembamba kama uzi. Unaingia upande huu na kutokea upande wa pili kabla hujamaliza kutabasamu. Nilipojaribu kupitisha maji, mkono ukaumuka kama andazi.

"Moja," akasema bibi.

Nikahamia kwenye kiwiko cha mkono wa pili. Hapa nilifanya kosa la kueleza. Nikamwinamia mtoto, nikafungua kinywa nimwambie mama yake kwamba watoto wanene mishipa yao inajificha chini ya mafuta, na mtoto naye akachagua wakati huohuo kukojoa. Kanga ilikuwa imefunguka chini. Sitaeleza zaidi, ila chumvi ilikuwepo. Sindano ikaishia nilikokuwa siitaki.

"Mbili."

Sheria ya wodi ilikuwa wazi: ukikosa mara mbili, mwachie mwenzako. Lakini Sista wa zamu alikuwa amesindikiza mama mjamzito upande wa pili, na fundi hamwiti fundi mwenzake upesi hivyo. Nikakumbuka mbinu ya tochi. Ukizima taa na kumulika kiganja cha mtoto kwa chini, nyama inang'aa nyekundu na mshipa unajichora kama kijiti cheusi. Nikawasha tochi ya simu yangu, nikamkabidhi bibi aishike chini ya kiganja, nikazima taa.

Jamani! Mshipa ule hapo, umenyooka kama reli. Nikashusha pumzi, nikaingiza ncha ya sindano chini ya ngozi, na simu ikaita.

Bibi ni mtu wa heshima zake. Simu ikiita inapokelewa. Akaitoa chini ya kiganja, akaibandika sikioni, nasi tukabaki gizani, mimi na sindano ndani ya mtoto wa watu.

"Haloo? Hapana, si yeye. Yeye yupo hapa, anamtoboatoboa mjukuu wangu... Wa aleikum salaam. Alhamdulillahi. Nyie hamjambo? Na baba watoto? Alaa, miguu! Asugue mafuta ya nazi... Wewe ndiye mama yake? Basi hongera, mwenzangu. Kijana mtaratibu. Mshipa hajaupata, lakini mtaratibu."

"Bibi, tochi," nikanong'ona.

"Mama yako anauliza umekula?"

Nikachomoa sindano, nikawasha taa. "Tatu," akasema bibi, safari hii akiniripoti moja kwa moja kwa mama.

Jasho linanitiririka, nikatazama kichwani. Kwa watoto wadogo kichwa ndiko mishipa inakojianika. Unanyoa kidogo, unazungusha rababendi, halafu unapapasa kwanza, maana panapodunda hapo ni ateri, mshipa wa damu itokayo moyoni, hapakuhusu. Sikufika hata kwenye kupapasa.

"Kichwani hapana," akasema bibi.

Nikaanza kueleza kwamba mishipa hiyo iko juu ya fuvu, haiingii kwenye ubongo, hata Ulaya wanafanya. Bibi akageukia simu. "Sasa anataka kichwani." Akasikiliza kwa makini. "Na mama yako pia amesema hapana."

Ndipo Sista akaingia. Mama mtu mzima, miwani imening'inia shingoni, miaka ya kazi kuzidi umri wangu.

"Umechoma mara ngapi, Dokta?"

"Mbili."

"Tatu," bibi akasema. "Na ile ya kukwaruza gizani ukiihesabu vyema ni nne."

Sista hakunigombeza. Kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kumwambia yule binti ampe mtoto titi. Sikuwahi hata kulifikiria. Mtoto akanyamaza palepale, macho yakalegea, ngumi zikafunguka; yale maziwa ni dawa ya maumivu ya bure ambayo nilikuwa nimekaa nayo hatua moja tangu saa nne. Halafu Sista akashika mguu, akajaza glovu maji ya vuguvugu, akaukanda nayo kidogo. Akaweka kidole mbele ya kifundo, upande wa ndani, juu kidogo ya mfupa.

"Huu hauhami," akasema. "Uuone usiuone, upo."

Akavaa miwani? Hakuvaa. Akachoma huku akimuuliza bibi bei ya kibua sokoni siku hizi. Damu ikachungulia, akaulaza mkono, akasukuma ile plastiki peke yake, sindano akaiacha nyuma. Mtoto akaguna, akaendelea kunyonya.

"Fanya plasta, Dokta. Hiyo utaiweza."

Nikafanya plasta kama mtu anayetetea shahada yake. Mkanda wa kwanza, wa pili, wa kukatisha msalaba. Nikaweka kipande cha boksi la dawa chini ya unyayo mguu usipinde, nikazungusha, nikazungusha tena. Nilipotaka kuondoka, mtoto akaja na mimi. Kidole cha glovu yangu kilikuwa ndani, kimeviringishwa barabara pamoja na vidole vyake.

"Usivute!" Sista akapiga kelele. Akachukua mkasi, akakata glovu, nikachomoa kidole changu salama. Kile cha mpira kikabaki kimesimama pembeni ya kidole gumba, cheupe, kimejaa hewa.

"Ana sita," bibi akaitangazia simu.

Dawa ikapita vizuri. Kabla ya kunirudishia simu, bibi alimwomba Sista kalamu na kipande cha plasta, akaandikiwa kitu, akakibandika mkononi. Nilidhani ni saa za dawa.

Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, nimejilaza kwenye benchi la chumba cha madaktari, mama akapiga.

"Ameing'oa," akasema, hata salamu hakuna.

"Nani? Nini?"

"Mjukuu wetu. Laini. Saa kumi na moja. Kile kidole cha mpira amekifanya nyonyo, mguu mdomoni, kavuta mpaka vyote vimetoka."

Nikainuka mbiombio kutafuta kiatu. "Mama, hajakimeza?"

"Hajakimeza, bibi yake alikiwahi. Amekuoshea. Anasema ukapitie kitanda namba saba ukichukue, na umpeleke Sista."