Boti mbili za alumini, ya ribiti na ya kuchomelea: kwa bahari ya Tanga uchukue ipi?

Ukiweka boti mbili za alumini za futi 16 pamoja macho hayaoni tofauti, urefu uleule, upana uleule, na muuzaji atakwambia hizi ni kitu kimoja we chagua rangi. Mi nasema achana na rangi, inama uangalie mabati yameungwaje. Moja imeungwa kwa ribiti, vile vipini vinavyogongwa kushika mabati, bati lake jembamba, milimita 1.6 hadi 2 hivi, nyingine imechomelewa na bati lake mara nyingi ni milimita 3 mpaka 4. Hapo ndo bei zinapopishana.

Sasa wanaotetea ribiti wana hoja nzito kweli. Tanga maji yakipwa yanakwenda mbali, boti inabaki mchangani, ikiwa nyepesi vijana wachache wanaisogeza wenyewe, mashine ya nguvu za farasi 15 inaisukuma vizuri na petroli inaenda kidogo, na petroli ndo inayokula hela ya mvuvi kila siku ya Mungu. Afu ribiti ikilegea fundi anaing'oa anapiga nyingine na gundi ya kuziba maji, maisha yanaendelea. Ya kuchomelea ikipata ufa huwezi kuipeleka kwa fundi wa mageti, alumini inataka mashine ya TIG au MIG na gesi ya argoni, na mtu anayeijua, akikosea joto bati linatoboka.

Ila mi naegemea ya kuchomelea na sababu ni bahari yenyewe. Kama unavua ndani ya ghuba, huku Kisiwa cha Toten, ribiti itakutosha kabisa. Lakini anayetoka nje kuelekea mkondo wa Pemba kipindi cha kusi, mwezi wa sita wa saba huo, boti inapigwa tumboni wimbi baada ya wimbi, bati jembamba linacheza, ribiti zinalegea moja moja, mwisho mtu mmoja kazi yake inakuwa kufua maji tu wakati wenzie wameshika mshipi, na yule naye anataka mgao wake.

Shaba ni adui wa zote mbili. Ukizipaka chini ile rangi yenye shaba wanayopaka boti za faiba, au kipande cha waya kikidondokea kwenye ngama, kule chini ndani ya boti maji yanakotuama, kikakaa humo, maji ya chumvi yanafanya kazi kama betri na inayoliwa ni alumini, utaona unga mweupe kwanza halafu tundu. Funga kipande cha zinki kiliwe badala ya alumini, na ukibadilishe kikiisha.

Pima pia kimo cha tezi, pale nyuma inapofungwa mashine, kabla hujalipa, kuna ya inchi 15 na ya inchi 20, shafti ya mashine yako lazima iendane nayo.

Na kama hela inafika kwenye ya ribiti iliyotumika tu, sawa, ila iweke juu ya magogo, mimina maji ndani mpaka yafunike maungio ya chini, upite uvunguni na tochi. Ribiti iliyochoka itatona hapohapo, izungushie chaki, uzihesabu na muuzaji akiwepo ndo muanze kuongea bei.