Mabweni ya Shule Ni Matupu, Sisi Tunatajiwa Dola

"Habari mama, bei yetu ya wenyeji ni dola 90 kwa mtu kwa usiku, mkilala wawili wawili, chai ya asubuhi na chakula cha jioni ndani. Watoto chini ya miaka 12 wanalipa nusu. Karibuni sana!" Mwishoni kijipicha cha twiga anayecheka. Ndivyo alivyonijibu binti wa hoteli moja ya mbugani, hapa hapa Uganda, nilipouliza bei.

Acha acheke. Sisi ni watano, wakubwa wawili na watoto watatu, na bahati nzuri wote watatu bado hawajafika 12. Piga hesabu: dola 315. Zaidi ya shilingi 1,100,000 kwa usiku mmoja. Kulala tu. Hapo hujalipa getini, hujajaza mafuta, hujampa chochote askari wa wanyamapori anayekupeleka kumwona simba aliyelala chini ya mti. Mwalimu wa shule ya msingi ya serikali anapokea karibu nusu milioni kwa mwezi. Basi afundishe zaidi ya miezi miwili bila kula, halafu aje alale usiku mmoja na familia yake, simba hayumo. Na hiyo ndiyo bei ya wenyeji, jamani! Wageni sijui wanalipa nini. Labda wanaacha figo mapokezi.

Yule binti nilimjibu vizuri, maana bei si yake. Hasira nimeileta huku, pamoja na ombi: familia turuhusiwe kulala kwenye mabweni ya shule wakati wa likizo.

Tumeimbiwa Tulambule, ile kampeni ya utalii wa ndani, tuizunguke nchi yetu, tusiwaachie wazungu peke yao. Anasimama mkubwa mmoja kwenye televisheni, fulana mpya imemkaa vibaya juu ya shati, anatulaumu kwamba hatupendi kutembea, tunapenda harusi na muchomo, nyama choma, tu. Mzee, tunapenda kutembea. Muulize aliyepanga bei.

Halafu kalenda ya shule nayo inatubana kwa makusudi. Likizo ya Mei inaangukia kwenye mvua. Bei hushuka kweli, mahoteli yanabembeleza, lakini barabara za ndani ya hifadhi zinateleza, na majuma machache mbele muhula wa pili unakudai. Likizo inayofuata inaanza mwishoni mwa Agosti, wakati Ulaya nao wamefunga shule zao na kuja kwa ndege kufuata ukavu wetu, kwa hiyo unagombea kitanda na mtu anayelipwa kwa yuro. Desemba tunapewa muda mrefu, karibu miezi miwili, na ndiyo miezi ambayo nauli ya basi la Mbale au Arua hupanda bila aibu, hoteli nazo huongeza chakula cha Krismasi cha lazima, ule usile. Januari imeshakaa mlangoni na karatasi ya ada: rimu za karatasi, sabuni, fagio mbili, karatasi za chooni. Asiye na mtoto wa shule anaweza kwenda Machi kwa raha zake. Sisi wengine tunasafiri siku ambazo kila mtu anasafiri, tunalipa kama tumekamatwa.

Nikubali jambo moja, kwa shingo upande. Ada ya getini si tatizo. Kuingia hifadhi ya Murchison au ya Queen Elizabeth, raia wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi, mtu mzima hafiki hata 30,000, wakati mgeni wa nje anatoa dola 40 au zaidi. Hapo serikali ilifikiria. (Gorila wa hifadhi ya Bwindi wasahau, hata ukiuza kiwanja: mtoto chini ya miaka 15 haruhusiwi.) Lakini ada nafuu inakusaidia nini ikiwa kutoka Kampala hadi Murchison ni safari ya kilomita kama 300, na huwezi kwenda na kurudi siku hiyo hiyo na watoto wanaotapika? Lazima ulale. Na kulala ndiko kunakotuua.

Kuna watakaoniambia niende kijijini, kwa bibi wa watoto, bure. Bure ya nani? Kijijini watoto wanapumzika, baba watoto anapumzika, anakaa chini ya mwembe na shemeji zake wanazungumzia siasa. Mimi napikia watu ishirini kwenye mafiga matatu, nachota maji, nasalimia kwa magoti mpaka magoti yanauma. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini mke wa mtoto wa nyumbani jembe anakabidhiwa akishuka kwenye boda boda. Nampenda mama mkwe, na atakaposomewa haya ajue nampenda. Ile si likizo, ni zamu.

Safari za siku moja zipo, sikatai. Bustani ya mimea ya Entebbe imekuwepo tangu 1898 na miti yake haijamtoza mtu dola. Kituo cha wanyama pale pale Entebbe ni kizuri, ila usiende siku ya pili ya Krismasi, utaona visogo vya watu zaidi ya masokwe. Jinja ni kilomita 80, unakula gonja, ndizi za kuchoma, na kuku wa Namawojjolo njiani, unauona Mto Nile, jioni uko nyumbani na foleni yako ya Mukono.

Mimi na ndugu zangu tulizaliwa tukijua likizo ya kweli inafananaje. Baba alikuwa mtu wa reli, tukikaa kota za reli za Nsambya, Kampala, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya uani na ya ugomvi. Likizo yake ikifika alipewa pasi ya treni ya familia nzima. Tulipanda hadi Kasese, ile reli iliyofika huko mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, mama amefungasha mayai ya kuchemsha na chapati, tunalala tumeegemeana, na asubuhi kama mawingu yameamua kuwa na huruma unaiona milima ya Rwenzori. Kule tulilala kwenye chumba cha wageni cha reli, vitanda vya chuma, blanketi za kuwasha. Hatukuwa matajiri. Baba alikuwa fundi wa mabehewa. Kilichotuwezesha ni pasi na kitanda cha chuma, basi. Treni ya abiria ya kwenda kule ilikufa miaka ya 1990, na sitaki kulianza hilo leo, nitalia.

Ila kitanda cha chuma nakitaka.

Nchi hii ina vitanda. Ina vitanda visivyohesabika, na vinakaa vitupu majuma yale yale ambayo sisi tunahangaika na pa kulala. Nazungumzia mabweni ya shule. Sisi ni watu wa bodingi. Tunampeleka mtoto bweni hajajua hata kufunga kamba za viatu. Siku ya kufunga shule magodoro yanapakiwa juu ya taksi, metroni anatia kufuli, bweni linaachiwa popo. Jiko lipo. Tangi la maji lipo. Uwanja wa mpira upo, mlinzi yupo getini na redio yake, analipwa alinde ukimya.

Na shule zenyewe ziko wapi? Wamisionari hawakuwa wajinga wa viwanja. Ukisimama kilimani Mwiri, nje kidogo ya Jinja, unalitazama Ziwa Victoria kutoka juu. Nyakasura iko Fort Portal, si mbali na maporomoko na mapango ya Amabere ga Nyina Mwiru. Kabale imejaa shule, na ziwa Bunyonyi liko nyuma ya mlima tu. Kapchorwa nako watoto wanasoma katika baridi safi, maporomoko ya Sipi yanamwagika jirani. Mandhari ambayo mwenye hoteli anaitoza dola 90, watoto wetu wanaitumia kufulia soksi.

Weka shilingi 15,000 kwa kitanda. Sisi watano ni 75,000. Tukilala usiku nne bado hatujafika hata theluthi ya usiku mmoja wa yule twiga. Tupikiwe posho, yaani ugali, na maharage ya shule, sitalalamika. Au tupewe jiko na kuni tujipikie, na safari hii baba watoto ndiye atakayekoroga. Mwalimu mkuu anayetuandikia kila muhula kwamba ada imepanda kwa sababu ya ukarabati, apate fedha za ukarabati huo. Vijana wa pale wapate kazi ya kututembeza. Nani anaumia hapo?

Wala wazo si langu. Mwaka 1909 mwalimu mmoja Mjerumani, Richard Schirrmann, alikuwa kwenye matembezi na wanafunzi wake, dhoruba ikawakuta, wakajisitiri usiku katika shule ya kijiji iliyokuwa imefungwa kwa likizo. Akawaza: kumbe kila kijiji kina shule, na kila shule hukaa tupu wakati ambao watoto wanaweza kutembea. Mwaka 1912 hosteli yake ikafunguliwa katika ngome ya Altena, na kutokana na hapo hosteli za vijana zikaenea duniani. Vyuo vikuu vya Uingereza mpaka leo vinapangisha vyumba vya wanafunzi wakati wa likizo. Sisi wenyewe tunafanya hivyo kimyakimya: shule ikienda ziara ya masomo hulala kwenye shule nyingine, makongamano ya makanisa hulala mabwenini, na Mamlaka ya Wanyamapori ina hosteli za wanafunzi ndani ya hifadhi. Kwa hiyo mlango unafunguka. Haujafunguliwa tu kwa mama mwenye watoto watatu na akiba ya mobile money.

Najua mtakayosema. Eti mabweni si matupu, watahiniwa wanabaki kufundishwa. Masomo ya likizo si Wizara ya Elimu imeyapiga marufuku? Tena na tena? Basi mabweni ni matupu, kisheria. Eti kunguni. Kunguni nimewakuta kwenye nyumba ya wageni yenye kapeti. Eti nani atawajibika kikivunjika kitu. Tutaweka amana, kama tunavyoweka kwenye kumbi za harusi, na harusi huvunja zaidi.

Kisha kuna lile moja, ambalo dada yangu alilisema bila kufikiri: "Hivi kweli wewe na umri wako ulale bweni? Umeshayaona yale mabweni?"

Hapo ndipo nilipochemka. Kwa hiyo bweni lile halinifai mimi kwa usiku mbili, lakini linamfaa mwanangu kwa miezi tisa ya mwaka? Choo kisichonifaa kwa mwisho wa wiki, yeye akitumie mpaka amalize la saba? Aprili 2008 bweni la shule ya Buddo Junior liliwaka moto usiku, wasichana wadogo wakafia ndani. Tumezika watoto wengine wa mabweni mengine tangu hapo, na karibu kila baada ya moto tunasikia habari za nondo madirishani na mlango uliofungwa. Sisi wazazi bweni tunalionea wapi? Siku ya kuripoti, sanduku kichwani, dakika mbili, metroni ameshaanza kutusukuma nje. Kama kila likizo kungekuwa na akina mama na akina baba wamelala humo, wameamka usiku kutafuta swichi, wamejaribu dirisha, wamenusa choo, unafikiri nondo zile zingemaliza mwaka? Mteja anayelipa 15,000 analalamika. Mtoto wa miaka tisa halalamiki, anazoea. Nataka kulala kwenye bweni la shule kwa sababu ni rahisi, ndiyo. Lakini sasa nataka pia kwa sababu nataka kujua mlango wa dharura uko wapi, na kama haupo, niulize nikiwa bado na risiti mkononi.

Wenye hoteli nao wana yao. Kodi, riba za benki, jenereta linalonguruma usiku kucha umeme ukikatika, barabara inayovunja springi za gari la mboga. Sawa. Sijasema wafunge. Wabaki na dola zao na wageni wao. Ila wasisimame mlangoni kupiga kelele kwamba bweni linawaharibia biashara, kwa sababu mimi sikuwa biashara yao hata siku moja. Mimi ni yule anayeuliza bei, kisha ananyamaza.

Agosti hii mpango wetu ni Kalangala, visiwani Ziwa Victoria. Tutashuka Masaka, tufike Bukakata, tuvuke kwa kivuko cha bure hadi Luku, watoto wavae maboya wapende wasipende. Kuna nyumba ya wageni ya kanisa iliyotuambia bei yake kwa lugha tunayoielewa. Desemba ndiyo naitafutia bweni. Mwalimu mkuu yeyote wa Kapchorwa, Kabale au Fort Portal anayesoma hapa, niandikie. Tuko watano, mashuka na magodoro tutakuja nayo wenyewe, na ndoo mbili.