Video ikibanwa, bando hupona lakini mvua hupotea

Harusi tuliyoipiga video Karura mwezi wa Aprili ilinyeshewa. Kwenye kompyuta yangu, katika chumba cha kuhariri karibu na Luthuli Avenue jijini Nairobi, kila tone lilionekana likidunda juu ya mwavuli. Siku mbili baadaye bibi harusi akapiga simu: "Kaka, hii si ile video uliyonionyesha." Aliyokuwa akiitazama ilikuwa imepita kwenye programu ya ujumbe, ikafika kwa dada yake, naye akaipandisha mtandaoni. Uso ulikuwa viraka vya mraba, na mvua imekuwa ukungu.

Ni rahisi kulaumu mitandao, ila hesabu inaitetea. Video ya 1080p, yaani HD kamili, yenye fremu (picha) 30 kwa sekunde, isipobanwa, yaani faili isipopunguzwa ukubwa, hata kidogo, hula takriban gigabaiti 11 kwa dakika moja. YouTube hupendekeza tupakie kwa megabiti 8 kwa sekunde, yaani kama megabaiti 60 kwa dakika, kwa kuwa biti nane ni baiti moja. Abiria wa matatu ya Rongai mwenye bando la shilingi 20 hangeona kazi yangu kamwe bila kubana huko, nami nisingepata wateja. Wenzangu wanaotaka kubana kukomeshwe wamemsahau huyo abiria.

Kinachoniuma ni kile kinachotupwa. Kodeki, yaani programu inayobana video, hushika fremu moja nzima, kisha zinazofuata huandika zaidi yale yaliyobadilika. Mtangazaji aliyeketi mbele ya ukuta haumii, maana ukuta hautikisiki. Lakini mvua, vumbi, au msongamano wa Gikomba hubadilika kila mahali kwa mpigo, na biti zilizotengwa hazitoshi. Gizani hali ni mbaya zaidi. Tofauti ndogo za vivuli hulainishwa mapema, na ngozi yetu nyeusi chini ya taa hafifu za ukumbi hupata uhai wake kwenye tofauti hizo hizo. Paji la uso linabaki doa moja bapa.

Oktoba 2024, mkuu wa Instagram, Adam Mosseri, alieleza kwamba video isiyotazamwa sana hushushwa ubora, na inayopendwa hupewa uchakataji bora. Alisema tofauti si kubwa. Naelewa kwamba mitambo ina gharama, ila kijana anayeanza pale Umoja huhitaji ubora kabla ya kupata watazamaji, na hapo ndipo anapobaniwa.

Hasara nyingine tunaisababisha wenyewe. Kila tunaposambaza video iliyokwisha kubanwa, inabanwa upya, na kilichopotea hakirudi. Tangu 2022 WhatsApp inaruhusu kutuma faili ya hadi gigabaiti 2 kama hati, bila kuguswa. Lakini saa moja ya harusi kwa kiwango kile cha megabiti 8 ni gigabaiti 3.6.

Kwa hiyo nilimpa mtu wa boda flashi ampelekee. Jioni bibi harusi alipiga tena, runinga ikisikika nyuma yake, na mama yake akiuliza ni nani yule aliyeshika mwavuli.